Traneksamiki kwa anayetapika damu? Hapana

Uliyeuliza kama mgonjwa anayetapika damu achomwe traneksamiki (dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke), kama mama anayetokwa damu baada ya kujifungua: usimpe. Utafiti wa HALT-IT (2020) ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 12,000; wengine walipewa gramu 1 kisha gramu 3 kwa saa 24, wengine kitulizo kisicho na dawa ndani, ili kulinganisha. Waliokufa kwa kutokwa damu ndani ya siku 5 walikaribia asilimia 4 pande zote. Damu kuganda kwenye vena ndiko kulikoongezeka: asilimia 0.8 dhidi ya 0.4.

Badala yake, weka kanula (mirija ya kuingiza kwenye vena) mbili nene (kijivu au kijani), chukua damu ya kupima kundi na kulinganisha. Kipimo cha kwanza cha himoglobini (wingi wa damu) hudanganya, maana mwanzoni damu iliyobaki bado nzito. Angalia mapigo na presha. Kwa aliyetulia, ongeza damu himoglobini ikiwa chini ya 7 g/dL. Ukimjaza kupita kiasi, presha ya vena inayopeleka damu kwenye ini hupanda na mishipa iliyovimba ya umio huweza kupasuka upya. Mwenye bandama kubwa (dalili kwamba presha hiyo huenda iko juu), hasa kanda ya ziwa penye kichocho, aanze oktreotaidi (ya kushusha presha hiyo) na seftriaksoni (antibiotiki) kabla ya endoskopi (kuchunguza umio na tumbo kwa kamera).