Ua la Kudumu Likikauka, Usilizike Upesi

Mwaka wa kwanza nilipopanda dalia, zilichanua mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Kisha ukame ukaingia, majani yakageuka manjano, na mashina yakabaki vijiti vya kuwashia jiko. Nikajua zimekufa. Nikazing'oa zote nikatupa nyuma ya nyumba, kwenye lundo la taka. Mvua ziliporudi, tuta langu lilikuwa tupu na lundo la taka limejaa dalia.

Aibu ile ndiyo iliyonifundisha. Maua ya kudumu hayadumu kwa kuchanua mwaka mzima. Kinachodumu ni mzizi, kiazi au kitunguu kilichofichika ardhini. Ya juu huja yakaenda. Siku hizi sing'oi kitu kabla ya kufukua kidogo kwa vidole kando ya shina. Kiazi kikiwa kigumu, nakifukia na kuondoka zangu. Kikibonyea na kutoa harufu, kimeoza.

Na mara nyingi kinachokiozesha ni huruma yetu. Mmea uliolala hauna majani, kwa hiyo unakunywa maji kidogo sana. Wewe unauona mkavu, unauonea imani, unamwagilia kila jioni, kumbe unakiloweka kiazi. Mimi nakata mashina, naacha kama sentimita 10 nisije nikasahau mmea ulipo, nafunika kwa majani makavu, basi. Mahali ambapo baridi hugandisha udongo, viazi vya dalia vichimbuliwe vikahifadhiwe pakavu pasipofikiwa na barafu.

Msimu wa kuamka ukikaribia ndio wakati wa kugawa. Hapa watu wengi hukosea, hata mimi. Kiazi cha dalia si kama kiazi cha kula, ambacho huchipua popote penye jicho. Macho ya dalia yako shingoni tu, pale viazi vinaposhikana na shina la zamani. Ukikata kiazi kinene kizuri bila kipande cha shingo hiyo, utakimwagilia mpaka uchoke. Deizi ni rahisi zaidi: baada ya miaka 3 au 4 hivi huota upara katikati. Chimbua shada lote, tupa kiini kilichochakaa, panda vipande vya pembeni. Agapanthasi usiwe na haraka nayo, kwani kubanana kidogo hakuizuii kuchanua.

Mti wa kuegemezea dalia uchomeke siku ileile ya kupanda. Niliwahi kungoja mpaka mmea ukalala chini kwa upepo, nikachomeka fimbo kwa nguvu, nikasikia "kwach!" Nilikuwa nimetoboa kiazi katikati.

Mbolea nayo si ya kumwaga tu. Samadi ya kuku iliwahi kunipa majani mapana yenye kijani cha kupendeza, na ua moja moja la kuhesabu. Sasa natumia mboji iliyoiva, tena kidogo, na maua yaliyosinyaa nayakata mapema mmea usipoteze nguvu kutengeneza mbegu.

Lililonisumbua kuliko yote ni krisanthemamu. Miti ilikuwa minene, haina mdudu, lakini vitumba havitoki. Nilibadilisha udongo, nikapogoa, nikanung'unika. Miti miwili tu, iliyokuwa nyuma ya ukuta, ndiyo iliyochanua. Ilinichukua muda kuona tofauti: mingine yote ilikuwa inamulikwa usiku kucha na taa ya kibarazani. Krisanthemamu husubiri usiku mrefu wenye giza lisilokatizwa ndipo itoe maua, na kwangu mimi usiku haukuwahi kuingia.

Taa sasa inazimwa jua likishazama. Wiki kadhaa baadaye vitumba vya kwanza vilijitokeza, vidogo kama punje za mtama. Wageni wa usiku wanajikwaa kidogo kwenye ngazi, lakini asubuhi hao hao ndio wanaoomba wakatiwe shada.