"Sina njaa" na "nimeshiba" si kitu kimoja

Dada mmoja wa Malindi auliza: mamamkwe akitaka kumwongeza wali yeye hujibu "sina njaa tena", na mama hununa, ataka asikie "nimeshiba". Je, si yote ni mamoja?

Si mamoja, na mama ana haki yake. Mtazame mtu mwenye homa, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni na njaa hana, sasa huyo ameshiba nini? Mwili wenyewe umeyatenga. Njaa ina mjumbe wake, homoni ya grelini iliyogunduliwa Japani 1999, yatoka tumboni na hupanda kabla ya kula. Shibe ina wajumbe wengine kabisa. Hata maneno yana asili mbili: njaa ni ya Kibantu (sisi Lamu twasema ndaa), shiba tumeitoa kwa Waarabu.

Lakini kinachonichoma roho ni hii "niko fulu", na nduguye "nimejaa". Kujaa si kushiba jamani! Chukua mtu kaketi kungoja sinia la pilau siku ya Maulidi, pilau haijafika yeye kashabugia maji ya ukwaju gilasi kwa gilasi, tumbo limejaa kweli, limetanuka na neva ya vagasi ishapeleka habari kwenye ubongo, lakini maji hayakai, yateremka upesi, punde si punde huyo huyo aulizia mkate wa mofa. Sasa mpe hiyo pilau na nyama yake. Mafuta na protini zikifika utumbo mwembamba, seli za pale hutoa kolesistokinini, hii ndio yauambia ubongo basi yatosha, na tangu 1973 panya walidungwa hiyo wakapunguza kula. Habari yataka kama dakika 20 kufika sawasawa, ndio maana mwenye kula kwa pupa hujaa kabla hajashiba. Jerikeni ndilo liwalo fulu, mtu hushiba. Wazee walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, haya niambieni, tuseme fulu mwana malevya?

Kwa hivyo dada, ukikaribishwa na hujala, "sina njaa" naivumilia. Ukishakula sema nimeshiba, alhamdulillahi. Ila "nimekinai" usithubutu, kukinai ni kuchoshwa na ladha ile ile, wali huutaki tena lakini halua ikiletwa waila bila taabu, na mama atajua ni mapishi yake yaliyokuchosha.