Fundi Anajibu: Kapasita kwenye mota ya kinu, faida yake iko wapi khasa?

SUALI: Asalamu alaykum maalim. Mie nna kinu cha kukobolea mpunga hapa Wete, mota ya fezi tatu ya kilowati 22, ya mtumba. Ikiwa na mzigo inavuta ampea 29, ikizunguka tupu 15, na mita inaonesha kilowati 15 tukiwa tunakoboa. Breka inapata moto na umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla, nikinunua siuoni. Sasa kuna mtu anauza kapasita, kile kifaa cha kuweka chaji ya umeme na kuirudisha, anasema nikiifunga tu yuniti zitapungua thuluthi nzima. Kweli hiyo? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykumu salam ndugu yangu. Naanza na yuniti maana hapo ndo watu wanaliwa pesa zao: thuluthi huipati, wala robo ya hiyo thuluthi huipati. Mita yako inahesabu kazi inayofanyika kweli pamoja na joto linalopotea, na kapasita haipunguzi kazi ya kukoboa, mpunga ni ule ule na kinu ni kile kile.

Inachogusa ni kitu chengine. Mota lazima ijenge sumaku ndani yake ndo izunguke, na hiyo sumaku inaazima umeme kisha inaurudisha, mara 100 kila sekunde kwenye umeme wetu huu wa hezi 50. Umeme huo wa kwenda na kurudi haukobowi hata punje moja lakini unapita kwenye waya, kwenye breka, kwenye transfoma, na kote unakopita unakula nafasi na unatia moto. Fanya hesabu mwenyewe: 1.73 mara volti 400 mara ampea 29 unapata kama kVA 20, yaani umeme wote unaopita, mita inasema kilowati 15, gawa 15 kwa 20 ni 0.75, hiyo ndo pawa fakta yako, yaani sehemu ya umeme unaopita inayofanya kazi kweli, na ni mbaya. Sababu ni kuwa mota yako kubwa kuliko kinu. Sumaku inataka ampea karibu zile zile mzigo uwepo usiwepo, kwaiyo mota kubwa ikipewa kazi ndogo pawa fakta inaanguka. Siku ikiungua usihangaike kuisuka upya, tafuta ya 15 au 18.5 yenye hali nzuri, mie naona hiyo ni dawa bora kuliko kapasita yoyote.

Kwa sasa kapasita itakusaidia, ila kwa jambo la breka. Inakaa jirani na mota, wanapeana ule umeme wa sumaku wao kwa wao badala ya kuusafirisha mpaka transfoma na kurudi. Kutoka 0.75 kufika 0.95 unataka kama kVAr 8.3 (kVAr ni kipimo cha ule umeme wa sumaku), na ampea kwenye waya zitashuka kutoka 29 mpaka 23. Breka itapoa, na kama uko mwisho wa laini volti zitapanda kidogo. Yuniti je? Tuseme waya wako ni wa shaba, milimita 10, mita 50 kutoka kwenye mita mpaka kinuni, utaokoa kama wati 85, ukikoboa saa sita ni nusu yuniti basi. Na hiyo ni kapasita ikifungwa huku kwa mota, ikifungwa pale kwenye mita hata hiyo nusu huioni.

Ukenda dukani soma kibati chake vizuri. Iliyoandikwa kVAr 10 kwa volti 440, ukiipa 400 inatoa kama 8.3 tu kwa sababu nguvu yake inafata mraba wa volti, na hiyo ndo saizi yako, tena inavumilia volti zinapopanda usiku. Usiseme niweke kubwa nipate zaidi! Ampea za kapasita zisipite asilimia 90 ya zile inazovuta mota ikizunguka tupu, kwako ni 13.5, na hii inachukua 12, uko salama. Ukizidisha, umeme ukikatika mota bado ina kasi, kapasita inaendelea kuilisha sumaku na mota inageuka jenereta, volti zinaruka na insulesheni, ile ngozi ya waya za ndani, inaungua.

Fundi aifunge baada ya kontakta (swichi inayoiwasha mota) na kabla ya ovalodi (kifaa kinachoikata mota ikizidiwa). Akiifunga baada ya ovalodi basi ovalodi nayo ishushwe, maana itaona ampea chache kuliko zinazoingia kwenye mota na haitokata mota inapozidiwa. Kama unastati kwa sta-delta, yaani kuwasha mota kwa hatua mbili, mwambie mapema, hapo kapasita inataka kontakta yake. Na kama kuna inveta ya kubadilishia spidi, kati ya inveta na mota usiweke kapasita kabisa.

Jengine, na hili nakuomba sana: ukishazima usiiguse. Kapasita nzuri ina rizista za kuishusha chini ya volti 75 ndani ya dakika 3, lakini za bei poa nyengine hazina, na chaji inayobaki mle inaweza kuua mtu. Ngoja dakika tano, halafu pima ndo uguse.

SUALI: Pampu yangu ya kisima ya fezi moja ilikuwa inanguruma haizunguki, fundi akatoa kapasita ya mikrofaradi 30 akaweka ya 50 ili iwe na nguvu. Sasa inawaka lakini haishikiki kwa moto. (Msomaji, Paje)

JIBU: Hiyo sio kapasita ya pawa fakta dada yangu, kazi yake ni kuipa koili ya pili mkondo wa wakati tofauti ili mota ijue kuzunguka. Mwenye kiwanda kaipigia hesabu. Ukiizidisha, koili ile inapitisha ampea zaidi ya uwezo wake, na moto unaousikia ni huo. Ya zamani ilikuwa imechoka tu, rudisha mikrofaradi 30 mpya ya volti 450, na iwe ya kufanya kazi muda wote, sio ile ya kustatia, ya kustatia ikiachwa kwenye umeme inapasuka.

SUALI: Hoteli yetu ina kabati la kapasita, umeme wa laini hauna tabu, lakini usiku jenereta ikiwaka volti zinapanda mpaka inajizima. (Msomaji, Nungwi)

JIBU: Usiku mzigo mdogo, kapasita zimebaki zote ndani, jenereta inalishwa sumaku kwa nyuma na rigyuleta yake, ile inayodhibiti volti, haina tena la kushusha. Hoteli nyingi zina jenereta tangu kisiwa kilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, halafu kabati la kapasita linakuja baadae na fundi mwengine na hakuna anayeyaunganisha mawili haya. Mwambie fundi wenu apitishe waya wa kontakta za kapasita kwenye swichi ya kubadilishia laini na jenereta, ili jenereta ikishika mzigo kapasita zote zitoke, na akague kama kuna kontakta iliyogandana kwa chumvi ya bahari.