Msijibu hiyo barua kabla hamjajua miti ni ya nani

Yakhe, hebu simama hapo hapo kwanza.

Umeandika kuwa kamati ya shehia yenu, wilaya ya Micheweni huko kaskazini ya Pemba, imeletewa barua na wakala anayeitafutia kampuni fulani mahala pa kujenga kiwanda cha mwani. Jina la kampuni kalificha, dodoso lina kurasa kibao, na majibu anayataka ndani ya wiki mbili. Unauliza picha za droni ziwekwe au zisiwekwe, muahidi msamaha gani wa kodi, nani awe msemaji, na wageni wakija wapokewe vipi. Halafu katikati umepitisha kijisentensi kama hakina uzito: "Eneo tunalo, tushakubaliana tuandike ekari ishirini."

Mie nimekwama hapo. Mnalo kwa karatasi gani?

Sisi huku Mkoani, kusini ya kisiwa hiki hiki, tuliwahi kupata barua ya namna hiyo hiyo, ya kiwanda cha kusindika dagaa. Kwenye sehemu ya ardhi tukajaza: "Eneo lipo, ni tupu, halina mgogoro." Mpaka leo wapo wajumbe wa kamati ile wakitoka msikitini kila mmoja anashika njia yake, hawapeani mkono, na chanzo ni sentensi hiyo.

Na tulikuwa na mtaalamu! Naam, mtaalamu wa mjini, tuliyemlipa kwa pesa za ushirika wa wavuvi, pesa zilizokuwa zimewekwa kununulia mashine ya boti. Alikuja na laptopu na pendekezo lililokwishaandikwa zamani. Kazi yake ilikuwa kubadilisha majina tu, na hiyo nayo hakuimaliza, kwani ukurasa wa maji tulipokuja kuusoma kwa utulivu ulikuwa bado unasifu visima vya kijiji kimoja cha kusini Unguja. Sheha akamuuliza kuhusu wenye mashamba. Jamaa akacheka. "Ardhi yote ya Zanzibar si ya Serikali? Andikeni ipo. Wakishavutika, Serikali itamaliza." Akala samaki wetu wa kupaka, akapanda boti ya asubuhi, na simu yake tangu hapo haipatikani. Kama unapita pita humu, bwana mkubwa, mashine ya boti bado tunaidai.

Ubaya wa maneno yake ni kuwa nusu yalikuwa kweli, ndiyo maana yakatuingia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali, na sheria ya ardhi ya 1992 inakwenda njia hiyo hiyo: ardhi ni ya umma na dhamana yake iko kwa Rais. Lakini juu ya ardhi hiyo wamo watu wenye haki ya kuitumia, na haki hiyo haiyeyuki kwa sababu imekuja barua yenye nembo nzuri. Kuna waliogawiwa eka tatu baada ya Mapinduzi, ambao wengi wao wamekwishakufa na wameacha watoto na wajukuu, huyu yuko Tanga, yule Mombasa, mwengine Maskati. Kuna wenye mashamba ya urithi wa tangu na tangu. Na kuna jambo ambalo mgeni humfahamishi akalielewa siku moja: kwetu mwenye ardhi na mwenye mti wanaweza kuwa watu mbalimbali kabisa. Mnazi una mwenyewe, mkarafuu una mwenyewe, na aliyelima muhogo chini yake ni mtu wa tatu. Mengine ni wakf. Mtu aliyezaliwa hapa anayajua haya toka utotoni, na sisi tuliyajua. Tulijitia kuyasahau kwa sababu mwenye laptopu alisema yanaharibu sura ya pendekezo.

Siku ya wageni ikafika. Wakala, mhandisi, na kijana wa kamera. Tukawapeleka kwenye eneo letu "tupu". Jua lile halisemeki. Mwenyekiti, kwa ukarimu wake, akampandisha kijana mmoja juu ya mnazi akatungue madafu. Yakaangushwa, yakakatwa, wageni wakanywa, wakasifu utamu wake. Mhandisi bado anajifuta ndevu, ikatoka sauti ndani ya muhogo: "Nani kakutumeni kwenye minazi yangu?"

Bi mkubwa, kanga moja kiunoni, moja kichwani, pakacha mkononi. Yaani eneo tupu lilikuwa na muhogo, lina minazi, na sasa limetoa na mwenye minazi.

Wakala Kiswahili hajui, lakini kidole kinachooneshwa usoni hakihitaji mkalimani. Akauliza miti hii ya nani. Mwenyekiti akajibu ya shehia. Bi mkubwa akasema yake, akaanza kuipita mmoja mmoja akitaja aliyeupanda na mwaka wa nini, huu baba yake, huu mume wake wa kwanza. Mzee wetu mmoja wa kamati, wa kwetu sisi wenyewe, ambaye vikao vyote alikaa kimya anachezea tasbihi, akakohoa akasema ile ya ukingoni ni wakf ya msikiti. Na muhogo? Mwenye muhogo kaenda kumuuguza mwanawe, hayupo. Mhandisi akafunga daftari lake taratibu, akaliweka mfukoni, akashukuru kwa madafu. Nasi hapo ndipo tulipofahamu kuwa tumewanywesha wageni madafu ya wizi kwenye ardhi ambayo tumetia saini kuwa ni yetu.

Ni sawa na kupokea mahari ya binti wa jirani.

Barua ya kutushukuru ilikuja haraka sana. Hiyo ingekuwa basi, ningeshasahau. Lililouma ni yaliyofuata nyuma yake. Habari zilipovuja kuwa "kampuni inataka kununua", warithi ambao hawajakanyaga shamba tangu wazaliwe wakateremka Mkoani kwa boti na mabegi. Watu waliokuwa wakilima bega kwa bega bila neno wakaanza kuchimbia mawe ya mipaka usiku. Bi mkubwa alitushitaki kwa sheha, na sheha alikuwa mmoja wetu, sasa hapo hukumu utaitoaje? Tukalipa madafu. Tukaomba radhi. Kiwanda hatukupata, mashine ya boti hatukupata, na mradi mwengine wowote ukitajwa sasa, mtu wa kwanza kusimama barazani anauliza kwanza shamba la nani safari hii.

Sasa nikuambie nilichokuja kukielewa kuhusu hawa mawakala. Barua kama hiyo yenu haikuandikwa kwa ajili yenu peke yenu. Imepelekwa sehemu nyingi kwa pamoja, na ndiyo maana jina la kampuni limefichwa na muda ni mfupi. Mkononi mwake wakala ana orodha ndefu, na kazi yake ya mwanzo ni kuipunguza. Anasoma jibu lenu akitafuta sababu ya kukutoeni. Maelezo yenu ya kuwa watu wa Pemba ni wakarimu hayasomi. Anatafuta ukubwa wa eneo, nani mwenye haki nalo, umeme kiasi gani, maji kiasi gani, barabara, bandari. Ardhi yenye utata ni sababu nyepesi kuliko zote, kwa sababu benki haimkopeshi mtu pesa za kujenga juu ya kesi. Na akikugundueni mumesema uongo kwenye ardhi, hata lile la umeme mlilosema kweli hataliamini.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, hata ukinifukuza humu nitairudia: usiandike hata ekari moja ambayo hamjaizunguka kwa miguu pamoja na mwenye ardhi, mwenye miti, na majirani wa pande zote, wote wakatia saini au dole gumba siku ile ile.

Kwa miguu. Si kwa ramani ya simu.

Sheha atangaze Ijumaa, na aseme wazi kuwa ni barua ya kuuliza tu, hakuna pesa iliyokuja, ili watu wasianze kugawana hewa. Mkizunguka, mtu mmoja aandike miti: mingapi, ya aina gani, ya nani. Yenye wakf muipeleke Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, msijiamulie wenyewe, imamu naye asikuamulieni. Penye mirathi isiyogawiwa, ekari hizo zitoeni, hata kama ndizo nzuri zenye upepo wa bahari. Kisha nendeni ofisi ya ardhi mkaangalie eneo limeandikwaje. Na nyie wa Micheweni mna la ziada: huko kuna eneo huru la uchumi lililo chini ya ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Hakikisheni hizo ekari zenu haziangukii ndani ya mipaka yake, maana mtakuwa mnamkaribisha mtu kwenye nyumba ambayo ina mwenyeji mwengine.

Najua utanijibu kuwa kwenu ni maweni, minazi hakuna, kwa hiyo bi mkubwa wangu hakuhusuni. Yakhe! Kwenye maweni kuna anayelima mtama kwenye vishimo vya udongo, kuna malisho, kuna wavunja kokoto na wachoma chokaa. Na eneo la kiwanda cha mwani litatakiwa karibu na pwani, sivyo? Karibu na pwani huko kwenu ndiko wanakoanika mwani kina mama. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mtawatoa wanaoanika mwani ili mjenge kiwanda cha mwani? Ndani ya hiyo kamati yenu mna mwanamke hata mmoja anayeingia baharini na vigingi? Kama hamna, sitashangaa kwa nini eneo linaonekana tupu.

Mkimaliza mtakuta ekari ishirini zimekuwa saba. Andikeni saba. Na chini yake semeni kweli yote: hizi saba zina saini za wote, nyengine zinaweza kupatikana baadaye kwa taratibu hizi na hizi, na msitaje idadi msiyo na uhakika nayo. Kampuni inayotaka ishirini itapita, iache ipite. Inayotaka sita itasimama kwenu.

Umeme na maji nitasema kwa ufupi maana ni kanuni ile ile. Usiandike "umeme wa uhakika upo". Wao wanajua kuwa Pemba inategemea waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Wanachotaka kujua ni transfoma iko umbali gani na eneo, ina nafasi ya mzigo kiasi gani, fezi tatu imefika au haijafika. Hayo yanatoka ZECO, shirika la umeme, kwa barua, muiambatanishe. Maji vivyo hivyo, kwa ZAWA, mamlaka ya maji. Kiwanda cha mwani kinaosha sana, na kisima cha karibu na pwani kwenye maweni unakijua mwenyewe kinavyoweza kuonja chumvi. Idadi ya wakulima wa mwani ichukueni kwenye daftari la vikundi, tani za mwaka muulizeni mnunuzi anayepima. Msikadirie.

Msamaha wa kodi msiahidi hata shilingi. Shehia haina kodi ya kusamehe. Hayo ni ya ZIPA kwa mujibu wa sheria ya uwekezaji, na wakala analijua hilo kuliko nyinyi. Akiona mumeahidi, atajua mlioandika hamjui mnachokiandika. Andikeni "vivutio vinasimamiwa na ZIPA" na mpitishe nakala kwao kabla hamjaituma. Sisi mwenye laptopu wetu alitujazia "miaka kumi bila kodi". Kumi! Aliitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Muda hautoshi? Mjibu wakala leo hii, mistari mitatu: tumepokea, ardhi tunaihakiki na wenyewe, majibu ya ardhi mtayapata tarehe fulani, mengine haya hapa. Mara nyingi watakubali, na hata wakikataa bora mkose hivyo kuliko tulivyokosa sisi.

La droni na la msemaji wengine watakujibu, mie sina hamu nalo. Wageni wapokeeni mnavyojua, ila madafu yanunueni sokoni na risiti mbaki nayo. Ile fomu ya saini tuliyokuja kuitengeneza baadaye, yenye safu ya ardhi na safu ya miti mbalimbali, iko kwa katibu; nikimpata jioni nitaipiga picha niibandike hapa.