Mapafu yanatibiwa, moyo umepimwa?

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 68, amevuta sigara tangu ujana, na ameambiwa mapafu yameziba na hayatarudi kama zamani. Amebakiza miaka mingapi? (Mbeya)

Marahaba. Ugonjwa wa baba, mapafu yaliyoziba na yasiyorudi kama zamani, madaktari tunauita COPD. Idadi ya miaka sikupi, na atakayekupa usimwamini. Uliza kwanza ana nini kingine mwilini. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,664 wa aina yake waliofuatiliwa kwa miaka minne hivi. Walikutwa na magonjwa mengine 79, na 12 kati ya hayo yalihusiana na kufa mapema, yakiwemo saratani ya mapafu, moyo kushindwa kusukuma damu, mapigo ya moyo kwenda ovyo, kisukari kilichokwisha kuharibu neva, hata vidonda vya tumbo. Katika TORCH, jaribio kubwa la dawa za inhela kwa wagonjwa wa COPD lililotolewa 2007, vifo vilivyosababishwa na mapafu yenyewe vilikuwa asilimia 35 tu. Moyo na mishipa asilimia 27, saratani 21. Kwa hiyo baba anayevuta inhela kila siku bila kupimwa presha, sukari na umeme wa moyo anatibiwa nusu. Na sigara azime leo.

Hii COPD si ndiyo pumu? (Kahama)

Siyo. Nimelijibu hili mara nyingi, na bado mnaazimana inhela na majirani. Nenda ukapulize kipimo cha mapafu.

Mama naye mapafu yameziba. Hajawahi kushika sigara, ila amepikia kuni maisha yake yote. Ana presha pia. Duka la dawa wanasema dawa za kupunguza mapigo ya moyo ni sumu kwake. Kweli? (Njombe)

Inategemea ni ipi. Bisoprololi hulenga zaidi moyo, na mwenye mapafu mabovu na moyo dhaifu asinyimwe kwa hofu tu. Ya kuogopa ni propranololi, kwa sababu inafunga mlango uleule ambao salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, inahangaika kuufungua.

Majuzi mama mmoja alifungua fundo la khanga mezani kwangu. Ndani mlikuwa na propranololi ya mapigo, salbutamoli ya kifua na predinisoloni, kidonge cha kutuliza uvimbe, ambayo aliambiwa ni "ya kumpa nguvu", kila moja kutoka dirisha lake. Alikuwa anahema kwa mabega. Kliniki ya presha ina daftari lake, ya kifua lake, ya sukari lake, na hakuna aliyewahi kuyafungua yote kwa pamoja. Hili linaniuma sana. Nyie ndugu ndio mnaoyaona yote, basi bebeni dawa zote, na mitishamba pia, kila mnapokwenda. Jiko nalo litoke ndani.

Predinisoloni inamsaidia sana mume wangu. Tunajinunulia kila mwezi. (Tanga)

Acheni kujinunulia, lakini msizikate ghafla, maana mwili uliozoea unaweza kuanguka. Aje apunguziwe taratibu. Akizidiwa, siku tano kwa kawaida zinatosha. Miezi kwa miezi inapandisha sukari, inakula misuli ya mapaja na kudhoofisha mifupa. Pingili ya mgongo ikivunjika, hata kuvuta pumzi kunauma.

Babu anakonda. Si afadhali kuliko kunenepa? (Singida)

Si afadhali hata kidogo. Katika ugonjwa huu kukonda ni dalili mbaya. Apimwe makohozi na apigwe picha ya kifua, kwa sababu TB na saratani hujificha humo. Ila kama TB ilishapona, na kila akikohoa anaanzishiwa dozi upya, ulizeni kipimo kiko wapi. Kovu la TB halitibiwi kwa dawa za TB.

Shangazi anaogopa kulala. Anasema atakufa usingizini. Wengine wanasema ni majini. (Lindi)

Wasiwasi mkali nao ni ugonjwa, na kwa wanawake ulikuwamo katika ile orodha ya 12. Lakini kabla ya kusema ni wasiwasi, mlaze chali umwangalie. Akikosa pumzi mpaka akae, na ukibonyeza kifundo cha mguu kidole kikaacha shimo, shuku moyo. Mpeleke hospitali leo, na usimpe vidonge vya usingizi njiani.