Barua kwa mwanangu: "Mimi nani aliniuliza?"

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma hadi nimeukariri. Baba yako alisema nikupigie tu simu tuyamalize, lakini unajua tulivyo kwenye simu: mimi nalia, wewe unaanza kunibembeleza, na swali linapotelea hapo. Kwa hiyo naandika.

Unasema ushirika wa wanafunzi hapo chuoni walikuomba utoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyokutoa Kongo, ukakataa, na hukujua kwa nini umekataa mpaka uliporudi bwenini. Ndipo ukaniandikia: "Ninyi mliitwa na Mungu kwenda Bukavu. Mimi nani aliniuliza?"

Uliulizwa mara moja. Nitakusimulia ilivyokuwa, ila lazima nianzie nyuma, maana jibu la mkato litakuwa na uongo ndani yake.

Tulifika Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 2009 tukitokea kwetu Tanzania, baba yako mwinjilisti, mimi muuguzi kwenye zahanati ya kanisa. Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa na hatuna mtoto. Nilikuwa nimechoka kuwekewa mikono kichwani. Januari ya mwaka uliofuata Haiti ikapigwa na tetemeko, na kama wiki mbili na nusu baadaye redio ikatangaza kwamba Wamarekani kumi, wamisionari wa Kibaptisti, wamekamatwa wakitaka kuvuka mpaka kuingia Jamhuri ya Dominika na watoto 33. Wao walisema ni yatima. Ikaja kubainika watoto wale wana wazazi. Tulikuwa tunakula chakula cha usiku. Baba yako akatikisa kichwa, akasema, "Wazungu hawa!" Nami nikaitikia. Hatukudhani habari ile inatuhusu.

Nilikuona 2012. Ulikuwa na miaka sita, umekaa kwenye ngazi za kituo cha watoto yatima na ungo mapajani, unachambua samaki. Nikasema, "Dagaa wazuri hao." Ukaniangalia kama mtu asiyejua kitu: "Haiko dagaa. Ni sambaza." (Baba yako alikuja kusoma kwamba sambaza walitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu, ziwa la hapo Bukavu, miaka ya 1950, akafanya utani hata samaki wa Bukavu wameasiliwa. Utani ule ulituchekesha miaka mingi. Siku hizi hausemi tena, sijui kama umegundua.)

Kwenye faili lako kulikuwa na mstari mmoja: wazazi wote wamefariki, hana ndugu. Mwanangu, niliusoma mstari ule kama ahadi. Usiku ule nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba huna mtu. Sala hiyo sijawahi kumwambia yeyote, hata baba yako.

Ukahamia kwetu mwanzoni mwa 2013 tukiwa tunafuatilia karatasi. Septemba 25 mwaka ule serikali ya Kongo ikasimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa na wageni. Walisema kuna nyaraka za kughushi, na kuna watoto ambao wakishafika ughaibuni wanahamishiwa kwa wazazi wengine. Na sisi, pamoja na Kiswahili chetu, kwenye karatasi tulikuwa wageni kama Mbelgiji. Tukaiita hali ile kizuizi. Tukafunga siku 21, kanisa la nyumbani likafunga nasi, tukakemea kila kilichosimama mlangoni.

Aliyetunyamazisha ni mama mmoja mzee wa pale kanisani, aliyekuwa akitupikia siku za semina. Alisubiri watu waondoke, akaniambia akiwa anakwangua sufuria: "Mama, munaombea mulango. Lakini munajua nani iko nyuma yake?"

Wiki mbili sikulala vizuri. Mwishowe baba yako akakodi pikipiki kwenda Walungu, kwa kuwa kwenye usingizi ulikuwa ukilitaja jina la kijiji cha kule. Alirudi jioni, matope mpaka magotini, akakaa nje bila kuvua viatu. Bibi yako alikuwepo. Mama wa mama yako mzazi, mjane, na kijishamba chake cha mihogo. Kweli baba yako mzazi alikuwa amekufa. Lakini mama yako alikwenda Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu ulipokuwa na miaka miwili, na hakuna aliyeleta habari zake, za uzima wala za kifo. Bibi ndiye aliyekupeleka kituoni, ule, usome, halafu urudi. Alichovywa kidole gumba kwenye wino wa zambarau, akagandamiza kwenye karatasi ya Kifaransa. Aliambiwa ni karatasi ya shule.

Miaka yote tulikuwa tukisimamia Yakobo 1:27, "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao." Lilikuwa limeandikwa hata kwenye barua zetu za maombi. Tulisoma yatima tukaishia hapo. Mjane alikuwa ametajwa katika pumzi hiyohiyo. Na andiko linasema kuwatazama, halisemi kuwachukua.

Tungeweza kukurudisha na kulipa ada yako ukiwa kwa bibi. Baba yako alilisema hilo waziwazi. Aliyekataa ni mimi. Nilitoa sababu nyingi, vita, shule, hospitali, na zote zilikuwa za kweli, ila hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe.

Bibi yako alikuja mwenyewe mjini, tukamweleza kila kitu kwa mkalimani wa Kimashi, lugha yake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema wewe umeshatuzoea, yeye amezeeka, usome. Ila tukulete akuone. Tukaahidi.

Mahakamani ilikuwa 2015. Nilikuwa nimekuvalisha gauni la njano na soksi zilizokubana. Bibi alitoa ridhaa yake mbele ya hakimu, safari hii akielewa anachokubali. Hapo hakimu akakugeukia wewe, akakuuliza kwa Kiswahili kama unataka kwenda Tanzania na sisi. Ukatazama nyuma alipokaa bibi, ukauliza: "Na koko naye atakuya?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha huruma. Mimi nikakubana mkono. Hakuna aliyekujibu, na karani akaandika kwamba mtoto ameridhia.

Ndivyo ulivyoulizwa. Hukusema ndiyo. Uliuliza swali lako, na sisi watu wazima tukaliandika kama jibu.

Mwanzoni mwa 2016 vibali vikaanza kutoka kwa wingi, na chako kikatoka. Mambo ya uhamiaji na mahakama ya huku kwetu sitayarudia, hata mimi yananichosha. Bibi tulikupeleka ukamwona mara moja, 2017. Baadaye ikawa nauli, ikawa Ebola, ikawa korona, na 2021 akafariki. Kati ya hizo, ya kweli zaidi ni kwamba hatukujipanga.

Na wakati huohuo nilikuwa nikisimama makanisani na wewe pembeni yangu, nikisema, "Mtoto huyu hakuwa na mtu." Nilisema hivyo hata baada ya kumjua bibi. Ushuhuda wenye bibi ndani yake hauvuti sadaka, na watu hawasemi amina mahali wasipojua pa kuisemea. Ulikuwa unasikia kila neno. Umefanya vizuri kukataa kule chuoni.

Ukiniuliza kama bado naamini Mungu ndiye aliyekuleta kwetu, siwezi kusema hapana. Lakini siku hizi nikianza kushukuru, uso wa bibi yako unakuja kwanza, na sala inakuwa ndefu kuliko nilivyokusudia.

Faili lote nimelitoa kabatini, pamoja na nakala ya ile karatasi yenye kidole gumba. Nitakutumia kwa basi la Ijumaa. Ni lako. Kusafiri kwa sasa usifikirie, tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 njia ile hatukuruhusu, nisamehe kwa hilo. Lakini mjomba wako wa Walungu yupo. Anapatikana jioni akipanda kilimani kutafuta mtandao. Nimeongea naye juzi, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Aliuliza unasomea nini, nikamwambia. Akauliza kama bado unakula sambaza. Nikamwambia hilo akuulize mwenyewe.

Mama yako