Mzazi hapati usingizi, baba kanuna, dawa zimewekwa juu ya kabati

Meseji za wiki hii ni nyingi jamani, najibu hizi nne, nyingine mnivumilie.

Anti, mdogo wangu ana wiki ya 6 tangu ajifungue, halali hata mtoto akilala, analia tu, hataki kumshika mtoto. Bibi anasema ana shetani. Tumpeleke kwa shehe au hospitali? (Ngamiani)

Shehe amsomee na hospitali aende, nani kasema lazima mchague kimoja? Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida, homoni zinashuka kwa ghafla, ndani ya wiki 2 hivi yanaisha yenyewe. Sasa huyu wa wiki ya 6 sio kudeka wala uvivu, hiyo inafanana sana na sonona ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito baada ya kujifungua, na sio yeye peke yake, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema kwenye nchi zetu hizi karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua wanapata tatizo la akili, na zaidi ni sonona.

Mimi mwenyewe kwa mtoto wangu wa pili nilikuwa nakaa mbele ya beseni la nepi mpaka maji yanapoa, mkono haunyanyuki, na watu wanapita wanasema huyu kawa mvivu siku hizi. Shangazi yangu akaja na godoro lake, akasema usiku huu mtoto ni wangu, nikalala masaa 5 bila kushtuka, asubuhi yake ndo nikapata nguvu ya kukubali kwenda hospitali ya Bombo. Zamani arobaini ilikuwa hivyo, ndani kuna somo, yule mama wa kumtunza mzazi, unakandwa maji ya moto, unaletewa uji wa pilipili manga, siku hizi tunamfungia mzazi chumbani na simu yake halafu tunasema tumemtunza. Kwahiyo anzeni na usingizi, gawaneni zamu. Na siku ya kliniki ya mtoto mwambieni nesi palepale, msione haya.

Ila akianza kusikia sauti, au kuongea visivyoeleweka, au kusema atamdhuru mtoto au atajidhuru, hapo msingoje kukuche, hospitali usiku huohuo, na mtoto asiachwe naye peke yake.

Mume wangu ni mvuvi, injini ya boti imeibiwa, mwezi wa 3 huu yuko ndani tu kanuna. Juzi kasema "mngekuwa na raha mimi nisingekuwepo." Naogopa kumuuliza kama ana maana mbaya.

Muulize mwaya, tena bila kuzunguka: "Baba nanihii, unafikiria kujiua?" Wengi wanadhani ukitaja ndo unampa wazo, sio kweli, mara nyingi mtu anashusha pumzi kwamba kumbe kuna aliyeona. Usimkalishe kwenye kochi kama kesi ya serikali ya mtaa, wanaume zetu hapo wanafunga mdomo, muulize mkiwa mnashona nyavu au mnatembea. Akikubali, usimwache peke yake, sumu ya panya na kamba vitoke humo ndani, muite yule mwenzie anayemsikiliza, mwende naye hospitali siku hiyohiyo. Na lile neno la "wenzio wana shida kuliko wewe" limeze tu. Injini itazungumzwa baadae.

Kaka yangu alitoka hospitali ya akili ya Lutindi anaendelea vizuri, sasa dawa kaziweka juu ya kabati anasema kapona. Ni sawa?

Hapana. Anajisikia vizuri kwasababu anazinywa. Dawa hizi daktari ndo anazipunguza taratibu, ukizikata ghafla ugonjwa unaweza kurudi, wakati mwingine kwa kishindo. Muulize kwanza nini kinamkera, unakuta zinamnenepesha au anasinzia kazini, hayo yanarekebishika, akamwambie daktari. Au anaona aibu watu wamwite chizi. Lutindi ipo kule Korogwe tangu enzi za Mjerumani, watu wamelazwa, wametoka, wameoa, wanalima, yeye sio wa kwanza.

Binti yangu wa fomu 3 yupo na simu mpaka saa 9 usiku, asubuhi hasira. Ni stresi au ni simu?

Yaweza kuwa vyote, kukosa usingizi tu kunatosha kumfanya mtu awe mkali. Simu zote zilale sebuleni wiki 2 halafu uangalie, hasira ikibaki palepale uniandikie tena. Nimesema zote mama, maana hii meseji yako imeingia saa 8 na nusu usiku.